Flipper Zero shuleni: kifaa kizuri, mzaha mbaya

Ukiamini video fupi za mtandaoni, Flipper Zero hufungua kila kitu: geti la shule, gari la mwalimu mkuu, hata mfumo wa matokeo. Sehemu kubwa ya video hizo ni maigizo. Kifaa chenyewe, kinachosoma na kutuma ishara za rimoti, kadi na redio, ni cha plastiki, milimita 100 kwa 40 kwa 25, uzito wake unazidi gramu 100 kidogo tu, na kina skrini ya rangi moja ya inchi 1.4 inayokaliwa na katuni ya pomboo. Kilianza kwa michango ya Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, mwaka 2020, iliyofika dola milioni 4.8, na kwa miaka kadhaa duka rasmi lilikiuza dola 169 kabla ya usafirishaji na ushuru.

Je, kinamfaa mwanafunzi? Kwa kujifunza, ndiyo, tena sana. Kwa mizaha, hapana. Hiyo si nasaha ya mzazi bali ni tabia ya kifaa: Flipper haioni. Inatuma ishara tu, na mara nyingi haina njia ya kujua ni nani aliyeipokea wala alikuwa akifanya nini. Mtu anayetaka kufanya mzaha wa haki lazima ajue anamgusa nani, na ajue atarudishaje mambo yalivyokuwa. Flipper haimsaidii kwa lolote kati ya hayo mawili.

Tuanze na infraredi, mwanga usioonekana unaotumiwa na rimoti, maana ndiyo inayoleta vurugu nyingi madarasani. Kwenye menyu yake kuna rimoti za jumla: unachagua televisheni au projekta, unabonyeza kitufe cha kuzima, na Flipper inarusha misimbo ya kampuni mbalimbali mmoja baada ya mwingine mpaka uisimamishe. Hapo kuna kasoro mbili. Kwanza, televisheni nyingi hutumia msimbo uleule kuwasha na kuzima, kwa hiyo orodha ikiendelea, skrini iliyozimika huweza kuwaka tena. Pili, na hili ndilo zito, projekta ya balbu ikizimwa, feni huendelea kuzunguka ili kuipoza, na nyingi hukataa kuwaka tena mpaka zipoe. Kicheko cha sekunde tano kinakula dakika kadhaa za kipindi cha watu arobaini. Juu ya hayo, mwanga wa infraredi hudunda ukutani. Uliyemlenga anaweza asipatwe, akapatwa wa pembeni yake.

Lakini hapohapo ndipo kifaa kinapong'ara kikitumiwa kwa ruhusa. Shule yenye projekta iliyopotelewa na rimoti inaweza kuazima rimoti ya modeli ileile mahali pengine na kuihifadhi. Chagua kujifunza rimoti mpya, elekeza rimoti kwenye dirisha jeusi la Flipper kwa umbali wa sentimita chache, bonyeza kitufe mara moja usikishikilie, kisha subiri jina la itifaki, yaani lugha ya rimoti hiyo, litokee, kama NEC, Samsung32 au RC5. Ikiandika RAW, ujue haikuitambua itifaki: huenda jua lilikuwa kali, au betri za rimoti zinakufa. Rudia kivulini. Hifadhi vitufe vitano au sita vinavyotumika kweli, vipe majina, basi.

Upande wa kadi, Flipper inasoma aina mbili kubwa. Za 125 kHz, mfano EM4100, hazina siri yoyote. Ni namba ya baiti tano ambayo kadi huitangaza kwa msomaji yeyote aliye karibu. Za 13.56 MHz zimegawanyika. MIFARE Classic ya 1K ina sekta 16, kila moja na funguo mbili, na usimbaji wake, Crypto1, ulivunjwa hadharani mwaka 2008, kwa sehemu kubwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen. MIFARE DESFire, ikiwekwa vizuri, Flipper haiiwezi. Mwanafunzi anayejifunza tofauti hii kwa kadi yake mwenyewe anaelewa usalama kuliko aliyekariri fasili za kitabu.

Tatizo ni kwamba kadi ya shule, hata ikining'inia shingoni mwako, ni mali ya shule. Kuisoma ili ujue aina yake, kisha kumweleza mwalimu wa TEHAMA, wengi watakuvumilia, ingawa kuomba kwanza ni bora. Kunakili kadi ya mwenzio ili umhudhurishe darasani hali yuko bwenini ni kughushi mahudhurio, na siku moto ukizuka, orodha ya waliomo ndani itakuwa ya uongo. Kadi ya chakula ndiyo haina mjadala. Kama salio liko kwenye seva, kubadili kadi hakubadili kitu. Kama liko kwenye kadi yenyewe na ukalibadili, huo ni wizi, na kuuita utani hakupunguzi hata senti.

Geti: mageti mengi yanayofunguka kwa rimoti hutumia masafa ya 433.92 MHz, ambayo Flipper inayasikia. Yenye msimbo usiobadilika yanaweza kurekodiwa na kurudiwa. Yenye msimbo unaobadilika kila bonyezo, programu rasmi ya Flipper haikuruhusu kuihifadhi ishara yake na kuituma tena. Wapo wanaoweka programu zisizo rasmi ili kuvuka kizuizi hicho, na hapo hutokea jambo ambalo video hazionyeshi: hesabu ya misimbo ya geti na ya rimoti halisi zinaweza kupishana, rimoti ya mlinzi ikakataa kazi. Fundi ataitwa, na atakayemlipa si wewe.

Kuna pia hali ya kibodi bandia, iitwayo BadUSB. Unachomeka Flipper kwenye kompyuta, inajitambulisha kama kibodi, kisha inaandika kwa kasi maneno yaliyomo kwenye faili la maandishi ndani ya microSD. Kwa ruhusa, ni njia nzuri ya kuweka mipangilio ileile kwenye mashine nyingi za maabara. Inavurugika kwa njia mbili: mpangilio wa kibodi usipolingana, alama kama / na @ hutoka nyingine, na amri ikianza kabla kompyuta haijaitambua kibodi, herufi za mwanzo hupotea, ndiyo maana faili huanza na kusubiri kwa sekunde moja au mbili. Kwa mzaha ni hatari kuliko infraredi, kwa sababu inaandika popote kiashiria kilipo. Mwalimu akiwa amefungua jedwali la alama, maneno yako yataingia kwenye visanduku vya wanafunzi, na jedwali linalojihifadhi lenyewe halitasubiri mtu ajute.

Mzaha wa kumwagia simu za karibu arifa bandia za Bluetooth kwa Flipper uliwika mwishoni mwa 2023, iPhone za iOS 17 zilipokuwa zikiganda mpaka Apple ilipotoa iOS 17.2 mwezi Desemba. Usiuguse kabisa. Unarusha kwa kila simu iliyo karibu, na mojawapo inaweza kuwa ya mwanafunzi mwenye kisukari ambaye kipimo chake cha sukari huongea na simu kwa Bluetooth hiyohiyo.

Na mfumo wa matokeo? Flipper haina hata Wi-Fi bila kuongezewa bodi. Anayeuza ndoto hiyo anauza uongo.

Watetezi wa mizaha hupenda kutaja kisa cha Illinois, Marekani, na kweli ni kisa kizuri, ila wanakisoma nusu. Tarehe 30 Aprili 2021 mwanafunzi Minh Duong na wenzake waliteka skrini na projekta za shule sita za Township High School District 214, karibu na Chicago, na saa 4:55 asubuhi zikacheza video ya wimbo wa Rick Astley, mzaha uliozoeleka mtandaoni. Mlango waliukuta wazi: mfumo wa kusambaza video ulikuwa kwenye mtandao wa shule na manenosiri ya kiwandani. Tofauti yao na mwenye Flipper mfukoni ni kazi iliyofanyika kabla na baada. Walijaribu nje ya saa za masomo, walichagua wakati usiogongana na mitihani, walirudisha mipangilio kama ilivyokuwa, na wakawatumia wasimamizi wa teknolojia ripoti ya kurasa 26 inayoeleza kila udhaifu na namna ya kuuziba. Wilaya haikuwaadhibu. Hata hivyo Duong mwenyewe aliwaonya wasomaji wa blogu yake kwamba jambo lile lilikuwa kinyume cha sheria na kwamba uongozi mwingine ungeweza kuwashtaki. Kwa maoni yetu, ripoti ile ingestahili sifa zaidi kama ingetangulia mzaha. Waliokuwa darasani asubuhi ile hawakuombwa ridhaa, na kufanikiwa kwa mpango hakubadili hilo.

Huku kwetu usitegemee huruma hiyo. Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inatoa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote, kwa kuingia kwenye mfumo bila idhini tu, hata kama hukuharibu kitu. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaanzia faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi, ukitaja kifaa, chumba, tarehe na utakachopima. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mwalimu mmoja haitakulinda bodi ya shule ikiuliza.

Ukiamua kununua, uliza kwanza kuhusu idhini ya vifaa vya redio, TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Brazili ilizuia mizigo ya Flipper mwaka 2023, na Amazon iliacha kukiuza mwaka huohuo. Nunua microSD ya kampuni inayojulikana. Kadi bandia ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya kifaa kuganda au mafaili kupotea. Ukubwa si hoja, GB 4 zinatosha. Kabla ya lolote, sasisha programu ya kifaa kwa qFlipper, programu yake rasmi ya kompyuta, kwa waya unaopitisha data, si ule wa kuchajia tu.

Kama bei ya Flipper ni kubwa, na kwa wanafunzi wengi ni kubwa mno, nusu ya raha hii inapatikana kwa vipande vya duka la elektroniki: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), moduli ya RC522 ya kadi za 13.56 MHz, kipokezi cha infraredi TSOP38238 na LED moja ya infraredi. RC522 ilishe volti 3.3, si 5, la sivyo utaiunguza. LED iwekee rezista. Ukiona rimoti yako inafika nusu mita tu, kosa haliko kwenye msimbo: pini ya ESP32 haitoi mkondo wa kutosha, pitisha LED kwenye transista ya NPN kama 2N2222.