Fundi wa printa karibu na soko la Jubilee, Kisumu: mchelewaji, lakini anajua kazi

Nina sayber ndogo Kondele: kompyuta tano, rauta moja, na printa moja ya leza inayotumiwa na zote kupitia mtandao. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA, foleni ilikuwa imefika nje kwa muuza mahindi. Stima ikapotea dakika kumi hivi. Iliporudi, kompyuta zote zikasema printa iko oflaini, na printa yenyewe taa ya kijani inawaka, inanitazama tu. Siku hiyo nilishinda nikikimbia na flashi kwa jirani.

Haikuwa mara ya kwanza. Fundi wangu wa awali alikuwa na dawa moja: toa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa), weka draiva upya, lete 1,500. Mara tatu tangu Januari, na kila mara printa ilifanya kazi mpaka stima ilipopotea tena. Nilishaanza kuamini ina mashetani.

Huyu wa Jubilee nilielekezwa na mama mmoja mwenye duka la vitabu. Aliahidi kuja saa tatu asubuhi, akafika saa sita kasorobo. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini hakugusa kompyuta hata moja. Alienda kwenye printa, akabonyeza vitufe, ikatoa karatasi ya mipangilio yake. "Madam, hebu soma hapa." Anwani ya IP, yaani namba ya printa kwenye mtandao, kwenye karatasi hiyo iliishia na 14. Akafungua upande wa poti kwenye kompyuta, panapoandikwa kazi zitumwe anwani gani: inaishia na 9. Yaani kazi zangu zote zilikuwa zinabisha hodi kwa mtu aliyehama.

Hapo ndipo nilipojua 4,500 zangu zilikokwenda. Rauta ndiyo inayogawa anwani, na stima ikirudi printa inaweza kupewa nyingine. Ukiweka draiva upya, kompyuta inaitafuta printa na kuikuta kwenye anwani mpya, basi unadhani draiva ndiyo ilikuwa mbovu. Huyu aliingia kwenye rauta, akaitengea printa anwani moja kwa namba yake ya MAC (namba ya kifaa chenyewe), kisha kwenye kila kompyuta akatengeneza poti ya TCP/IP, namba 9100, inayotuma kazi moja kwa moja kwenye anwani hiyo. Akatoa pia alama ya SNMP, njia ambayo kompyuta huiuliza printa hali yake, kwenye mipangilio ya poti, maana wakati mwingine ndiyo huifanya Windows idhani printa imelala kumbe iko macho.

Draiva yenye makosa kweli ilikuwa moja tu, kwenye kompyuta ya pembeni iliyokuwa ikinitolea herufi za ajabu, mstari mmoja kila ukurasa, hadi nusu rimu ikaisha. Ilikuwa na draiva ya lugha ya printa iitwayo PostScript ilhali printa yangu inaelewa lugha nyingine, PCL. Kabla ya kuibadilisha alisimamisha spula, yaani programu inayopanga foleni ya kuchapisha, akafuta kazi zilizokwama kwenye folda ya PRINTERS ndani ya System32\spool, akaiwasha tena. Mimi siku zote nilikuwa nazima kompyuta na kuiwasha, na kazi zile zile zinarudi.

Lawama ninayo. Hakuuliza mapema kama nina nenosiri la rauta. Sikuwa nalo, ikabidi airudishe ilivyotoka kiwandani, tukakaa dakika arobaini bila intaneti na wateja wawili wakaondoka. Risiti nayo aliiandika nyuma ya mojawapo ya zile karatasi za herufi za ajabu. Nimeihifadhi hivyo hivyo.

Alitoza 2,500 kwa kompyuta zote tano, nikalipa kwa M-Pesa. Tangu siku hiyo stima imepotea mara sita, nahesabu, na printa inaamka yenyewe kila mara.

Yuko orofa ya kwanza, ngazi ziko kando ya washona viatu. Jumamosi msihangaike kumpigia: ni Msabato, simu huzimwa tangu Ijumaa jioni.