Ada za Pensheni ya Kujisimamia: Kulipa kwa Gunia au Kukodi Ghala Zima?

Watazamaji wangu, karibuni tena. Leo ninazungumza nanyi nikiwa nyumbani Nakuru, na mezani pana kikokotoo, daftari na karatasi mbili ambazo dada yangu, aliye muuguzi Uingereza, alinitumia nami nikazichapisha kwenye saiba ya mtaani. Karatasi hizo ni taarifa za pensheni yake ya pembeni, ile anayojisimamia mwenyewe nje ya pensheni ya kazini, ambayo Waingereza huiita SIPP. Tangu Kenya na Uingereza zitie saini mkataba wa wahudumu wa afya mnamo Julai 2021, maswali ya aina hii yananifikia mara nyingi kutoka kwa jamaa za walioko huko, na swali huwa ni lile lile: jukwaa lipi, yaani kampuni ipi ya kuweka na kuwekeza pensheni hiyo, lina ada nafuu?

Kabla sijataja jina lolote, tazameni mstari huu ninaouonyesha kwa kalamu. Umeandikwa "ada ya jukwaa, pauni 20.00". Mstari unaofuata unaonyesha kwamba kipande 0.083 cha mfuko wake wa uwekezaji kiliuzwa siku iyo hiyo. Dada hakuuza kitu. Akaunti yake haikuwa na fedha taslimu, kwa hiyo kampuni ilikata kipande cha uwekezaji wake ili kujilipa, jambo ambalo masharti yanaliruhusu na ambalo yeye hakuwa amelisoma. Akiba yake ni kama pauni 60,000, na ada ni asilimia 0.4 kwa mwaka, yaani pauni 240. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kulalamika, alinijibu, "Kaka, pauni 20 kwa mwezi ni pesa gani?" Kwa bei ya takriban shilingi 170 kwa pauni, hizo ni shilingi 3,400 kila mwezi. Huyo ndiye dada ambaye akija likizo hubishana na mwenye boda boda kwa shilingi 20.

Sasa tuingie kwenye mfumo wenyewe. Wakulima wa huku Njoro na Rongai wataelewa upesi kuliko wengi. Ukivuna mahindi na huna pa kuyaweka, unaweza kumlipa mwenye ghala kwa kila gunia, au ukakodi chumba kizima kwa bei moja, ujaze usijaze. Mwenye magunia kumi hana sababu ya kukodi chumba, na mwenye magunia mia mbili atajutia kulipa kwa gunia. Majukwaa ya pensheni ya Uingereza yamegawanyika hivyo hivyo: mengine hutoza asilimia ya akiba yako, mengine hutoza kiasi kimoja kila mwezi, na mengine yamechanganya njia zote mbili.

Nitatumia viwango vilivyokuwapo mwaka 2025, nanyi mvikague upya kabla ya kuamua, kwa kuwa makampuni haya hubadilisha bei mara kwa mara. Hargreaves Lansdown ilitoza asilimia 0.45 kwa mifuko ya uwekezaji, kwa pauni 250,000 za kwanza. AJ Bell ilitoza asilimia 0.25 kwa pauni 250,000 hizo hizo za kwanza. Vanguard, iliyoanza kutoa pensheni hii mwaka 2020, ilitoza asilimia 0.15 bila kuvuka pauni 375 kwa mwaka, lakini tangu mwisho wa Januari 2025 mwenye chini ya pauni 32,000 amekuwa akitozwa pauni 4 kila mwezi. Interactive Investor ndiyo ya kukodi chumba: pauni 5.99 kwa mwezi ikiwa akiba haizidi pauni 50,000, na pauni 12.99 ikizidi hapo.

Ukisikia viwango hivyo bila kuvipigia hesabu, utadhani mshindi ni Vanguard na aliyeshindwa ni Hargreaves Lansdown, na ndivyo wachambuzi wengi wa haraka wanavyomaliza video zao. Ngojeni kwanza. Chukueni mtu anayeanza, mwenye pauni 5,000. Hargreaves Lansdown itamkata pauni 22.50 kwa mwaka, AJ Bell pauni 12.50, Vanguard pauni 48, na Interactive Investor pauni 71.88. Aliyedhaniwa ghali anatoza chini ya nusu ya aliyedhaniwa rahisi, na huyo wa bei moja anachukua karibu asilimia 1.4 ya akiba nzima. Kijana aliyefika Leicester mwaka jana hana haja ya kukodi chumba.

Sasa mchukueni dada yangu na pauni 60,000 zake. Hargreaves Lansdown ingemkata pauni 270, AJ Bell pauni 150, Interactive Investor pauni 155.88, na Vanguard pauni 90. Hapa asilimia 0.15 inang'aa kweli. Akifikisha pauni 150,000, picha inageuka tena: pauni 675, 375 na 225 kwa wale wa asilimia, ilhali wa bei moja amebaki pale pale kwenye pauni 155.88. Nimepiga hesabu ya mahali Vanguard na Interactive Investor wanapokutana, na ni karibu pauni 104,000. Kuanzia juu ya pauni 50,000 hadi hapo Vanguard ni nafuu, juu ya hapo chumba kizima ni nafuu. Angalieni pia ngazi ya pauni 50,000 kwa Interactive Investor, kwa maana kwa viwango hivyo vya 2025, siku akiba ilipoivuka, ada ilipanda kutoka pauni 71.88 hadi 155.88 kwa mwaka bila huduma yoyote mpya ambayo mtu wa kawaida angeihitaji. Mimi siipendi ngazi hiyo.

Kuna mlango mwingine ambao watu hupita bila kuuona. Viwango nilivyovitaja ni vya mifuko ya kawaida ya uwekezaji. Ukinunua mifuko inayouzwa na kununuliwa sokoni kama hisa, Hargreaves Lansdown iliweka kikomo cha pauni 200 kwa mwaka na AJ Bell pauni 120, hata akiba iwe kubwa namna gani. Mtu mwenye pauni 150,000 anayehamia kwenye mifuko ya sokoni ndani ya AJ Bell anatoka kwenye pauni 375 hadi 120, bila kuhama jukwaa, na ghafla yeye ndiye mwenye ada ndogo kuliko wote niliowataja. Upande wa pili ni kwamba mifuko ya sokoni hulipiwa kila unaponunua au kuuza; mwaka huo wa 2025 ilikuwa AJ Bell pauni 5, Hargreaves Lansdown pauni 11.95, Interactive Investor pauni 3.99. Anayenunua mara mbili kwa mwaka hatasikia uchungu wowote, ila anayependa kugusagusa akiba yake kila Ijumaa ataimaliza faida hiyo mwenyewe.

Kuhusu Vanguard niongeze jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko pengo la pauni chache. Jukwaa lile linauza mifuko ya Vanguard pekee. Kwa dada yangu, anayetaka mfuko mmoja wa dunia nzima kisha arudi kazini, hilo si tatizo hata kidogo. Kwa anayetaka kuchagua hisa za kampuni moja moja, ni mlango uliofungwa.

Halafu kuna pesa inayokaa bila kuwekezwa. Jukwaa hupata riba benki kwa pesa hiyo, na sehemu ya riba linaweza kubaki nayo. Mnamo Desemba 2023 mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza, FCA, iliyaandikia majukwaa kuyaonya juu ya riba hiyo, hasa kwa wale waliokuwa wakibaki na riba na papo hapo kumtoza mteja ada kwa pesa ile ile. Kwa hiyo unapolinganisha, uliza pesa taslimu inalipwa riba kiasi gani, kwa sababu jibu hilo halimo kwenye jedwali la ada.

Wengi mtaniambia kwamba asilimia 0.3 ya tofauti si kitu. Nimeipigia hesabu kwenye ukurasa huu. Pauni 60,000 zikikua kwa asilimia 5 kwa mwaka kabla ya ada, bila kuongezwa hata senti, kwa miaka 20, mwenye kutozwa asilimia 0.45 atakuwa na takriban pauni 146,100, na wa asilimia 0.15 atakuwa na takriban pauni 154,700. Pengo ni zaidi ya pauni 8,600, ambazo kwa bei ya leo ni karibu shilingi milioni 1.46. Na hapo sijagusa gharama ya mfuko wenyewe, ambayo hukatwa kando na ada ya jukwaa na ambayo kwa mifuko ghali inaweza kuizidi.

Kwa mlio hapa nyumbani, mipango yetu ya pensheni ya mtu binafsi iliyosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, haina jedwali la namna hii. Ada za msimamizi, meneja wa mfuko na mtunza mali mara nyingi hukatwa kabla ya riba ya mwaka kutangazwa. Muulize wakala swali moja tu: riba hii ni kabla ya makato au baada ya makato? Nafuu ya kodi kwa michango ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi ni nzuri, ila isikufanye usahau kuuliza.

Nirudi kwa dada. Kwa akiba yake na tabia yake, mimi ningehamia kwenye asilimia 0.15. Hata hivyo nimemzuia kidogo, kwa sababu anapanga kurudi Nakuru, na majukwaa mengi ya Uingereza hayafungui akaunti kwa mtu asiyeishi huko, na mengine humwekea vikwazo mteja anayeondoka. Amewaandikia wote wawili, aliko sasa na anakotaka kwenda, akiuliza kwa maandishi kama ataruhusiwa kuendelea kununua na kuuza akiwa na anwani ya Kenya, na kama kuhama kuna ada. Mpaka leo asubuhi ni mmoja tu aliyejibu, na amejibu swali la pili peke yake.