Uchambuzi: seti ya mbao ya Cutty Sark, na kazi inayobaki mbao zikishafungwa

Ndugu watazamaji, hamjambo, na karibuni tena hapa Bagamoyo. Hii mbele yangu ni Cutty Sark, mfano wa mbao wa meli ya matanga ya zamani, kwa kipimo cha 1:100, niliyoiunda kutoka kwenye seti iliyonifikia kwa posta. Juu ya kuunda umbo lenyewe sitasema mengi: mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, umenyooka, mataruma, yaani mbavu zake, yamekatwa kwa usahihi, na mwenye subira, msasa na gundi ya mbao atafika. Ninachotaka tukitazame ni umaliziaji, kwa kuwa hapo ndipo seti hii inapopungua. Kiwanda sitakitaja, maana nililolipima ni boksi moja tu nililolinunua mwenyewe.

Tuanzie chini ya mstari wa maji. Meli halisi iliundwa Dumbarton, Uskoti, mwaka 1869, kwa mataruma ya chuma yaliyovikwa mbao, na upande wake wa chini ukafunikwa mabamba ya aloi ya Muntz, ambayo ni takriban asilimia 60 shaba nyekundu na asilimia 40 zinki, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao na uchafu wa bahari usigande na kuipunguzia mwendo. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walikuwa na deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, kwa haja hiyo hiyo. Sasa tazameni utepe uliomo ndani ya boksi: ni shaba nyekundu tupu, ilhali aloi ile ina umanjano, kama dele la kahawa lililosuguliwa. Niliuweka kando, nikatafuta karatasi nyembamba ya shaba ya manjano, nikakata vipande vya milimita 12 kwa 4, nikavibandika kuanzia tezi, yaani nyuma ya meli, kwenda omo, yaani mbele, kila kipande kikilalia kidogo kile cha nyuma yake, ili maji yanayopita yasipate ukingo wa kuufumua.

Sogeeni karibu na usukani. Doa hili la kahawia ni alama ya dole gumba langu. Nilikibonyeza kipande kwa mkono wenye jasho, na baada ya siku chache alama ikajitokeza. Tangu hapo kila safu naifuta kwa ndimu, naisuuza, naikausha kabisa, kisha naipaka vanishi nyembamba isiyong'aa, la sivyo upepo wa bahari utaifanya kijani.

Vanishi ya kwenye seti siipendekezi hata kidogo. Inang'aa mno, na sitaha ya meli ya mizigo, iliyobeba chai kutoka China na baadaye sufu kutoka Australia, haiwezi kumetameta kama kabati la vyombo. Zaidi ya hayo, niliijaribu kwenye kipande cha ubao asubuhi moja ya masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, ikaingia weupe kama maziwa. Hata vanishi nzuri, kwetu sisi wa pwani, ipakwe siku kavu, jua likiwa limepanda.

Kamba ndizo zilizonisikitisha zaidi. Cutty Sark halisi ina karibu kilomita 18 za kamba, na jicho la mtazamaji hukimbilia huko kabla ya kitu kingine chochote. Uzi wa seti ni wa pamba, wenye manyoya. Na kwa kipimo hiki, unyoya wa milimita 1 ni sawa na sentimita 10 kwenye meli yenyewe, unene wa mkono wa mtu. Nilinunua uzi wa poliesta kwa fundi cherehani, nikaupitisha mara mbili kwenye nta ya nyuki. Kamba zinazoshikilia milingoti nimezifanya nyeusi, na zile za kuvutia matanga na foromali, yaani miti inayoshika matanga, zina rangi ya katani. Jambo moja la kuzingatia: msizikaze zote kwa siku moja, kwani uzi mmoja ukivutwa sana, mwingine hulegea, na mlingoti huinama bila ninyi kutambua.

Inunueni kwa ajili ya mbao zake, na mtenge fedha nyingine kwa ajili ya shaba, uzi na vanishi. Mimi bado sijaifunga sanamu ya omo, yule mwanamke aliyenyoosha mkono akishika mkia wa farasi. Ina mshono wa kalibu katikati ya uso, na nimeanza kuusugua taratibu kwa ncha ya msasa laini.