Nilivyoipunguzia uzito baiskeli yangu ya mbio: kilicholipa na kisicholipa

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, fremu ya alumini, gia za Shimano Tiagra 4700, breki za kubana rimu. Ilipofika Moshi ilikuwa na kilo 9.6. Siku nikitaka kasi naelekea barabara ya Arusha. Siku nikitaka kuumia, napanda Marangu kutokea Himo. Njia hizo mbili ndizo zilizonipimia kila kifaa nilichonunua.

Nilianza na matairi. Yaliyokuja nayo yalikuwa yenye waya ukingoni, gramu 330 kila moja, magumu kama soli ya kandambili. Nikaweka Continental Grand Prix 5000 ya milimita 25, gramu 220 hivi. Uzito uliopungua ulinifurahisha, lakini raha hasa ni lile tairi laini kubonyea kwenye kokoto za lami yetu badala ya kuirusha baiskeli juu. Upepo nao nimeushusha, kutoka psi 110 aliyozoea fundi hadi 85, nami nina kilo 72. Fundi aliguna. Kwake, tairi la mbio linalobonyea kwa kidole tayari lina pancha.

Tyubu za TPU, zile za plastiki nyembamba, zina uzito usiofika gramu 40, wakati za kawaida huzidi 100. Bei yake ni ya kustahimilika. Ila zina masharti. Kiraka cha kawaida na gundi yake havishiki. Zina viraka vyake, na mbigili wa pembezoni mwa barabara zetu hawaulizi umenunua tyubu gani. Mfukoni nabeba tyubu ya kawaida. La pili ni joto. Kushuka Marangu kwa breki za rimu kunaipasha rimu moto hasa, na TPU hulainika ikipata moto mwingi. Baadhi ya watengenezaji wanakataza kabisa zitumike na breki hizo, kwa hiyo soma boksi kabla ya kulipa. Mimi nilitafuta zinazoruhusiwa, na nikishuka nabana na kuachia, sing'ang'anii breki. Kwa sababu hiyohiyo rimu za kaboni nilizipita hata nilipoonyeshwa za bei ya kuvutia.

Magurudumu mapya ya alumini yana kilo 1.5 badala ya 1.9, na ndiyo yaliyomeza fedha nyingi kuliko vyote. Unayasikia ukitoka kwenye tuta na kuanza kukanyaga upya, na njia ya Arusha ina matuta ya kutosha. Ukishashika mwendo, tofauti huioni.

Kwenye meno ya nyuma niliongeza uzito kwa makusudi. Nilitoa 11-28 (meno ya gia ndogo kabisa na ya kubwa kabisa) nikaweka 11-34, pamoja na kibadilisha gia cha mkono mrefu kinachoyamudu. Hapo ndipo Marangu iliponilegezea. Miguu inazunguka badala ya kusukuma, nami nafika juu nikiwa bado naweza kuongea.

Ukijumlisha yote nimepunguza kama gramu 650. Mimi, baiskeli na maji ni kilo 83 hivi, kwa hiyo punguzo hilo halifiki hata asilimia moja: kama nusu dakika kwa saa nzima ya kupanda mlima mkali. Kwenye tambarare faida ni ndogo hata kuliko hiyo, kwa sababu ukipita kilomita 30 kwa saa adui ni upepo, na kinachoukinga ni mwili wako. Shati linalopepea linakurudisha nyuma kuliko nati za chuma. Ndiyo maana nati za titani na kishikio cha chupa cha kaboni nimewaachia wanaokimbizana na kilo 6.8, kiwango cha chini cha UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, kwenye mashindano.

Mwenye fedha ya kitu kimoja anunue matairi. Akibakiwa na chenji, tyubu. Anayeishi penye milima aongeze meno 34, ila wa Dar anayekwenda Bagamoyo na kurudi hayahitaji.