Pikipiki za zamani za kununua na kuweka: zipi zinafaa Mtwara na Lindi

Kama unataka pikipiki kuukuu ya kuweka kama akiba, usiinunue Novemba. Minada ya korosho inakuwa imeanza kulipa, Tandahimba na Newala kila mtu ana hela, hakuna mwenye shida ya kuuza, na anayekubali kuuza anataja bei ya mtu aliyeshiba. Subiri Mei au Juni. Hela ya korosho imeisha, palizi imefika, na pikipiki iliyolala bandani miaka mingi inaanza kuonekana kama mtaji uliosahaulika.

Hilo ni la wakati. La pili ni matarajio. Januari 2018 pikipiki moja ya Kiingereza, Vincent Black Lightning ya 1951, iliuzwa kwa mnada Las Vegas kwa dola 929,000. Habari za namna hiyo husambaa kwenye simu, na ghafla kila mwenye chuma cha baba yake anaamini kakalia nyumba ya ghorofa. Wewe unanunua Masasi na Nachingwea, kwenye soko la watu wachache wanaojuana. Hatifungani ya serikali inayouzwa na Benki Kuu inakulipa riba mara mbili kwa mwaka umekaa. Pikipiki haikulipi kitu mpaka siku utakayoiuza, na wakati huo wote inakula oili, rangi na nafasi.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nunua chombo chenye wateja wa aina mbili, anayetaka kuweka na anayetaka kupanda. Wa kwanza akikosekana, wa pili atakurudishia fedha yako. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho, ndiyo maana zile za kifahari ziko chini.

Kadi kwanza, injini baadaye

Mwombe muuzaji kadi kabla hajapiga kiki. Soma namba ya chesisi na ya injini kwenye kadi, kisha uzitafute kwenye chuma, ukiwa na kitambaa na mafuta ya taa kidogo kwa sababu zitakuwa zimefunikwa na uchafu. Ukikuta namba imesagwa au imegongwa upya kwa herufi zilizopinda, aga.

Tatizo la kawaida zaidi huku kwetu si wizi, ni mirathi. Jina la kwenye kadi ni la marehemu, anayeuza ni mtoto wa tatu, na wale wawili wakubwa wako Dar. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama hujanunua kitu, umejinunulia kesi ya familia ya watu.

Zilizokuwa za serikali au mashirika zina mtego wake. Namba za ST, SU, SM na DFP zinamaanisha chombo kilikuwa cha serikali kuu, shirika la umma, halmashauri au mradi wa wafadhili, na kinatoka humo kwa mnada wenye hati na risiti ya malipo ya serikali. "Mzee aliachiwa na mradi" si hati. Vivyo hivyo kwa kilichovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, iwe kwa Daraja la Umoja Mtambaswala au kwa Kilambo: uliza karatasi za forodha, na zisipokuwepo usilainike kwa bei. Ukikuta chombo bado kina namba za zamani zile za TZ, pita ofisi ya TRA na nakala ya kadi kabla hujatoa hata kishika uchumba.

Kuna woga mmoja unaoweza kuutua. Watu bado wanaogopa madeni ya ada ya mwaka ya leseni ya chombo. Ada hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na madeni ya nyuma yakasamehewa.

1. Honda CG125

Si nzuri kuliko zote kwa sura, ila mgeni aanze nayo. Honda waliitoa 1976 baada ya kuona jinsi pikipiki zinavyoteswa katika nchi kama zetu: oili haibadilishwi, cheni haipakwi grisi, mzigo hauna kikomo. Wakaweka injini ya fito za kusukuma valvu, isiyo na cheni ya taimingi ya kulegea, na cheni ya nyuma wakaifunika yote isiingie mchanga. Wachina wameiga injini hiyo mpaka leo, na pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zina damu yake. Faida yako iko hapo: gasketi, klachi na kabureta za kuifanya itembee utazipata duka lolote la spea Mtwara mjini.

Hasara iko palepale. Kwa kuwa injini ya Kichina inaingia kwenye fremu ya Honda bila shida kubwa, fundi wengi wameibadilisha. Piga magoti upande wa kushoto, futa bloku, usome. Injini ya asili namba yake inaanza na CG125E. Ukisoma 156FMI au 162FMJ, hiyo ni ya Kichina, ya kwanza cc 125, ya pili cc 150. Si dhambi, mwenye nayo alitaka kufika shambani. Lakini hapo lipa bei ya pikipiki ya kupanda, si ya kuweka, na umuulize kwa upole kama injini ya zamani ipo. Mara nyingi ipo, uvunguni au nyuma ya choo, imefungwa kwenye kiroba. Ikiwepo, ijumuishe kwenye makubaliano kabla hamjataja bei.

CG haitakutajirisha. Usiilipie zaidi ya nusu ya bei ya Boksa (Bajaj Boxer) mpya hata iwe safi vipi, na hutalia.

2. Yamaha DT125 na DT175

Hapa ndipo ningeweka hela yangu mwenyewe kama tayari ningekuwa na CG bandani. Ukoo wa DT ulianza na DT-1 ya 1968, pikipiki ya njia mbaya iliyotikisa soko la Marekani, na wanaokusanya pikipiki za Kijapani duniani wamezirudia hizi kwa nguvu. Kwetu zilipendwa na watu wa shamba na miradi kwa sababu ni nyepesi na zinapanda mlima wa Makonde bila kulalamika.

Ni tustroki, injini inayochoma oili pamoja na petroli. DT nyingi zina tangi lake dogo la oili na pampu inayochanganya yenyewe. Muulize mwenye nayo kama pampu inafanya kazi au ameizima anachanganya kwenye petroli. Kuchanganya kwa mkono si kosa, ila pampu iliyokufa bila mwenyewe kujua imeua pistoni nyingi. Fungua plagi, uweke kidole, umwombe mtu apige kiki. Upepo ukikusukuma kidole kwa nguvu, endelea na mazungumzo. Ukipulizwa kivivu, hesabu gharama ya kuboa silinda na kuweka pistoni ya saizi kubwa zaidi, na uulize imeshaboolewa mara ngapi, maana kuna mwisho.

Angalia eksozi kwa makini kuliko tangi. Tangi fundi atalipaka rangi. Eksozi ya asili ya DT iliyokatwa na kuchomelewa bomba la dukani ni ngumu kuipata tena, na bila yake hata nguvu ya injini inapungua.

Wengi wenye hizi ni wazee, mabwana shamba wastaafu na walimu. Usimtume dalali. Nenda mwenyewe, na usianze na bei.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia chombo chako kimepumzika."

"Marahaba. Kimepumzika, hakijafa."

Jibu kama hilo maana yake mlango uko wazi, lakini siku hiyo hununui. Utaelezwa safari zake zote za Nanyumbu. Sikiliza, humo ndimo utajua iliwahi kuzama mtoni au haikuzama.

3. Vespa PX

Hii ina mteja wa uhakika Dar es Salaam na nje ya nchi, na ingekuwa ya kwanza kama tusingeishi pwani. PX ilitoka 1977, tustroki, injini imekaa upande wa kulia. Tatizo ni kwamba Vespa haina fremu ya mabomba. Bati lenyewe ndilo mwili na ndilo uti wa mgongo. Pikipiki nyingine ikila kutu unabadilisha madigadi. Vespa ikila kutu, imevunjika.

Na Mtwara chumvi haiko baharini tu. Kusi inapovuma, chombo kilichoachwa kibarazani Shangani au Mikindani kinaliwa kikiwa kimesimama. Kwa hiyo ilaze Vespa ubavu juu ya gunia, uangalie chini: pale stendi inapofungwa, kwenye kona za sakafu ya miguu, na ndani ya bodi upande wa tairi la spea. Chukua sumaku ya spika mbovu, uizungushie kitambaa, uipitishe mwilini taratibu. Inaponasa ni bati. Inapoteleza ni puti ya kuzibia, na chini ya puti ni tundu. Rangi mpya inayong'aa kwenye Vespa ya Lindi inanitia wasiwasi kuliko rangi iliyochakaa. Chakavu inaonyesha ugonjwa wake.

Halafu usiuziwe Bajaj Chetak kwa bei ya Vespa. Chetak ya India inafanana nayo kwa sababu Bajaj walikuwa wakitengeneza kwa leseni ya Piaggio mpaka 1971, kisha wakaendelea na yao. Ni chombo kizuri, ila bei yake ni nyingine. Namba ya fremu ya PX125 inaanza na VNX, ya PX150 na VLX. Kwa PX isiyo na pampu ya oili, mchanganyiko ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Anayemimina kwa kukadiria amwachie mwingine.

4. Honda XL125S na XL185S

Nzuri kwa macho, imara, na wazee wengi wana kumbukumbu nazo. Shida ni kwamba huku zimefanya kazi mpaka mwisho. Nyingi nilizoziona zina taa ya pikipiki nyingine, tangi la pikipiki nyingine, na shokapu za jirani. Ukiipata kamili, ipandishe juu ya Vespa. Ikiwa ni nusu, iache.

5. Honda C50, C70 na C90

Hakuna chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko ukoo huu: ulianza 1958 na mwaka 2017 ukapita milioni 100. Wingi huo ndio unaoshusha bei yake. Nunua kwa mapenzi, au kwa sababu ni ya bibi. Fremu yake pia ni ya bati, kwa hiyo rudia kipimo cha sumaku.

6. BSA Bantam na Waingereza wenzake

Hizi ndizo watu wanazoota, na mimi naziweka mwisho. Bantam ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, kwa michoro ya DKW RT125 ya Ujerumani iliyochukuliwa kama fidia ya vita. Pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya 1955, nayo iliiga DKW hiyohiyo, kwa hiyo yule mzee wa DT na huyu wa BSA ni mabinamu.

Spea za Bantam bado zinatengenezwa Uingereza, lakini mpaka zikufikie Lindi umelipa mara mbili. Nati zake si za milimita. Fundi wa hapa akija na spana zake za kumi na kumi na mbili, zinateleza na kuzila kona. Nati zenye kona zilizolika zinakuambia tayari nani alipita humo. Taa ni volti 6, mwanga wake wa kuonea njia ya kwenda msalani.

Kisha kuna hadithi. Dalali atakuambia BSA hii ni ya Mzungu wa mradi wa karanga Nachingwea. Mradi ulikuwepo kweli, ulianza 1947 na ukafa 1951, reli ya kutoka Mtwara nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Inawezekana kabisa kuna chombo kilichobaki. Hadithi bila kadi, barua au hata picha haina bei. Ilipie BSA kama chuma, na hadithi uichukue bure.

Kuiweka na kuiuza

Kama una ndugu Masasi au Newala, iweke huko, mbali na chumvi. Ukilazimika kukaa nayo Mtwara mjini, mwaga petroli yote ya kwenye kabureta, tangi lijaze mpaka juu lisipate nafasi ya kutoa jasho, toa plagi udondoshee oili kidogo kwenye silinda, kisha piga kiki polepole mara chache. Inua tairi zisiguse sakafu. Ifunike kwa shuka la pamba. Turubai la nailoni linafungia unyevu ndani, na baada ya masika utakuta kromu imeota madoa.

Usiipake rangi mpya kwa ajili ya kuuza. Mkusanyaji anataka rangi ya kiwandani hata ikiwa imefifia, na mpandaji hajali. Weka risiti zote za spea kwenye bahasha moja na kadi. Mnunuzi wa Dar atataka picha za namba ya injini na chesisi kabla hajapanda basi, mpe. Usafiri wa lori alipie yeye, mkataba wa mauziano uandikwe na ushuhudiwe hapa, na kadi isitoke mkononi mwako mpaka ujumbe wa benki uingie na salio ulione mwenyewe.