Kituo cha pamoja cha Busia: kwa mwenda kwa miguu ni safi, kwa mahindi ni subira

Busia ni mbili, ya Kenya na ya Uganda. Wasamia wako pande zote, na ndiko neno bodaboda lilikoanzia, enzi za baiskeli zilizobeba watu toka mpaka hadi mpaka. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na kwa asiye na mzigo kinastahili sifa.

Anayetoka Kenya hasimami upande wa Kenya. Huvuka hadi jengo la Uganda na kukuta maafisa wa nchi zote mbili: kwanza dirisha la Kenya la kutoka, kisha la Uganda la kuingia. Anayetoka Uganda hufanya hivyo hivyo katika jengo la Kenya. Ukiruka dirisha la kutoka utarudishwa nyuma, na foleni haikungoji. Mkenya au Mganda hahitaji pasipoti, kitambulisho cha taifa kinatosha.

Mchuuzi mdogo aombe cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Thamani isizidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa iwe imelimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mitumba haimo. Ugomvi mwingi dirishani huzuka kwa sababu cheti hufuta ushuru wa forodha tu. VAT na ukaguzi wa mimea viko palepale.

Mahindi ndiyo mtihani. Machi 2021 Kenya iliyazuia kwa siku chache kwa ajili ya sumukuvu, yaani aflatoksini, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti kinachoonyesha hayazidi sehemu 10 kwa bilioni. Unyevu nao mwisho asilimia 13.5. Yaanike juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Sampuli itolewe kwa bambo, chuma cha kutobolea gunia na kuchota nafaka, katika magunia mengi, juu, kati na chini, maana sumukuvu hukaa kwa mafungu: gunia hili safi, la pembeni limeharibika. Sampuli ya gunia moja haisemi kitu.

Mwenye magunia mawili akiuona mlolongo huo huchukua njia ya panya. Jengo halina kosa hapo. Utaratibu ulipangwa kwa kipimo cha lori.

Kwa wabadilishaji pesa, taja shilingi ya wapi kabla ya kutaja kiasi. Ya Kenya moja hupata zaidi ya 20 za Uganda.