Kalkuleta yenye kitufe cha FACT: rivyu yangu baada ya kuitesa na namba kubwa

Kwa wale wananiuliza kama inafaa kuongeza pesa ndio upate kalkuleta ya kisayansi yenye kitufe cha FACT, kile kinavunja namba iwe vigawanyo vyake tasa (tasa ni namba haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe), jibu ni ndio, ongeza. Yangu nilichukua kwa kaduka flani ka vitabu tao Nairobi, karibu na Tom Mboya Street, na muuzaji alikubali niijaribu kwanza, kitu unafaa kusisitiza popote unanunua juu feki ni nyingi sana.

Namba ya kuijaribu nayo ni 4294967297. Hiyo ni 2 kipeo cha 32 ukijumlisha 1. Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa wa miaka ya 1600, aliamini ni tasa kwa sababu 3, 5, 17, 257 na 65537 zenye zinatengenezwa kwa mtindo huo huo (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1) zote ni tasa, ikakaa hivyo mpaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonyesha inagawanyika kwa 641. Sasa iingize, bonyeza sawasawa, alafu shifti na FACT, inakuletea 641×(6700417). Kazi ya Euler kwa skrini ya mwanafunzi wa sekondari! Mimi hiyo bado inanisisimua.

Lakini hayo mabano wengi hawayaelewi. Hii mashine inatafuta vigawanyo tasa vya tarakimu tatu kushuka, kikibaki kitu kikubwa, kuanzia 1018081 kwenda juu, inakifungia kwa mabano, maanake mimi nimefika hapa, endelea mwenyewe. Haijasema ni tasa. Weka 1018081 uone, itakurudishia hiyo hiyo kwa mabano na ni 1009×1009, kwa hivyo tafadhali usiandike "tasa" kwa karatasi ya mtihani juu tu umeona mabano.

Na kumalizia si ngumu. Skwea ruti ya 6700417 ni kama 2588, na Euler alithibitisha kwamba namba tasa yoyote inayogawanya 4294967297 lazima iwe 64 mara kitu, jumlisha 1. Za chini ya 1009 mashine ishajaribu, na kati ya 1009 na 2588 tasa za aina hiyo ni tano pekee: 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Gawanya moja moja, zote zinaacha baki, basi 6700417 ni tasa kweli na umethibitisha mwenyewe ukiwa kwa matatu ndani ya jam ya Thika Road.

Namba kamilifu (zile ukijumlisha vigawanyo vyake vyote vidogo unapata yenyewe) pia ni tamu, 33550336 inatoa 2¹²×8191 bila mabano yoyote, juu 8191 iko chini ya 1018081.

Vitufe ni vigumu kidogo, sola iko sawa. Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeinyima juu mwisho wake ni tarakimu 10, na ile inayofuata kwa mtindo wa Fermat, 2 kipeo cha 64 jumlisha 1, ina tarakimu 20 na nayo si tasa, inagawanyika kwa 274177, lakini hapa huwezi hata kuiingiza.